Risasi kwenye petroli: miaka 98 ya hewa ya kila mtu

Ukipita kituo cha mafuta leo, iwe Dar, Mombasa au Kampala, angalia vizuri maandishi kwenye pampu. Nyingine bado zimeandikwa UNLEADED, yaani petroli isiyo na risasi. Umewahi kujiuliza kwa nini bidhaa itambulishwe kwa kitu ambacho haina? Hakuna anayeuza "maziwa yasiyo na mchanga". Ukiona mtu anahangaika kukwambia kwamba kitu fulani hakimo, ujue kiliwahi kuwemo.

Na kilikuwemo kweli, tena hadi juzijuzi tu. Kama ulizaliwa mjini Afrika Mashariki kabla ya 2006, kuna uwezekano mkubwa kwamba hewa ya kwanza uliyovuta ilikuwa na risasi iliyotoka kwenye mabomba ya magari. Siyo risasi ya bunduki, ingawa jina ni hilohilo. Nazungumzia metali yenyewe, ile nzito, laini, ya kijivu, ambayo mpaka leo imo ndani ya betri ya gari. Mwili wa binadamu hauna kazi nayo hata kidogo. Shida ni kwamba mwili huichanganya na kalsiamu: unaipokea, unaitunza kwenye mifupa, na kwa mtoto mdogo unaipeleka mpaka kwenye ubongo ambao bado unajengwa.

Na usidhani hakuna aliyejua. Vitruvius, mhandisi wa Kirumi, aliandika miaka takriban 2000 iliyopita kwamba maji yaliyopita kwenye mabomba ya risasi si mazuri kwa afya. Sasa ilikuwaje karne ya 20, enzi ya maabara na maprofesa, sumu inayojulikana tangu Roma ikatiwa kwenye mafuta na kupulizwa kwenye hewa ya dunia nzima?

Injini iliyokuwa inagonga

Hadithi inaanzia Dayton, Ohio, Marekani. Injini ya petroli inafanya kazi kwa kubana mchanganyiko wa petroli na hewa ndani ya silinda, kisha plagi inatoa cheche na mchanganyiko unawaka kwa utaratibu. Ukiubana zaidi unapata nguvu zaidi. Lakini ukizidisha, sehemu ya mchanganyiko inalipuka yenyewe kabla moto wa plagi haujaifikia, na pistoni inapigwa vibaya. Ukimsikia fundi anasema "injini inagonga", ndiyo hiyo.

Kampuni ya General Motors ilitaka dawa ya kugonga huko, na kazi akapewa mhandisi kijana, Thomas Midgley. Alijaribu vitu vingi. Kimojawapo, teluri, kilifanya kazi vizuri lakini kilimwachia harufu kali kama ya kitunguu saumu isiyotoka mwilini. Tarehe 9 Desemba 1921 akajaribu kimiminika kinachoitwa tetraethili ya risasi. Injini ikanyamaza. Kiasi kidogo tu kilitosha, nusu gramu hivi ya risasi au zaidi kidogo kwa lita ya petroli.

Hapa nisimame kidogo. Midgley na wenzake walijua dawa nyingine ya kugonga: alkoholi. Ukichanganya petroli na alkoholi, injini haigongi. (Ndiyo, gongo inazuia kugonga. Samahani, nilishindwa kujizuia.) Lakini alkoholi anaweza kuitengeneza yeyote mwenye mahindi au miwa, na inahitajika nyingi. Tetraethili ya risasi iliweza kulindwa kwa hataza, ilikuwa rahisi, na kila lita iliyouzwa ingeleta senti kwa mwenye hataza. Ilianza kuuzwa Dayton Februari 1923 kwa jina la Ethyl. Neno "risasi" halikuwemo kwenye jina hilo, na sidhani kama ni bahati mbaya.

Mwaka uliofuata, General Motors na Standard Oil ya New Jersey waliunda kampuni maalumu ya kuiuza. Na mwaka huohuo, 1924, watu wakaanza kufa.

Jengo la wendawazimu

Oktoba 1924, kwenye kiwanda cha Standard Oil kule Bayway, New Jersey, wafanyakazi waliokuwa wanatengeneza tetraethili walianza kuchanganyikiwa. Waliona vitu visivyokuwepo, wakawa wakali, wengine ikabidi wafungwe ili wasijiumize. Watano walikufa na makumi wakalazwa. Wafanyakazi wenyewe tayari walikuwa wameshalipa jengo lile jina la utani, jengo la gesi ya wendawazimu. Kwenye kiwanda kingine cha DuPont, wenzao waliliita nyumba ya vipepeo, kwa sababu waliokuwa wanafanya kazi humo walikuwa wanapunga mikono kufukuza wadudu ambao hakuna mwingine aliyewaona.

Kampuni ikaita waandishi wa habari. Midgley akasimama mbele yao, akamimina tetraethili mikononi kama mtu anayenawa, akanusa mvuke wake, akasema hata akifanya hivyo kila siku hatapata madhara. Ambacho hakuwaambia ni kwamba mapema 1923 yeye mwenyewe alikuwa ameenda Florida kupumzika, akijaribu kuitoa risasi mwilini mwake.

Jiji la New York na sehemu nyingine zikapiga marufuku mauzo. Mei 1925 daktari mkuu wa serikali ya Marekani, Hugh Cumming, akaitisha mkutano Washington. Kwangu mimi, huu mkutano ndio moyo wa hadithi nzima, kwa sababu pande mbili zilibishana kuhusu swali ambalo tunabishana nalo mpaka leo: nani anatakiwa kuthibitisha?

Upande wa kampuni ulisema: wafanyakazi waliokufa walishika kemikali yenyewe, kali. Kwenye moshi wa barabarani risasi ni kidogo sana. Hakuna aliyeonyesha kwamba inamdhuru mpita njia, basi tuachwe tuuze mpaka aonyeshe. Mmoja wa viongozi wao alifika mbali hadi kuiita kemikali hiyo zawadi ya Mungu. Upande wa pili walikuwepo Alice Hamilton wa Harvard, aliyekuwa anajua sumu ya risasi viwandani kuliko karibu mtu yeyote nchini humo, na Yandell Henderson wa Yale. Hoja yao ilikuwa kinyume kabisa: anayetaka kuitia sumu inayojulikana kwenye hewa ya wote ndiye athibitishe kwanza kwamba ni salama. Henderson alionya kwamba madhara yatakuja polepole mno, kiasi kwamba watu watakapozinduka, petroli yenye risasi itakuwa imeshaenea kila mahali.

Iliundwa kamati, ikapewa miezi michache. Ikawapima wanaume 252, madereva na watu wa gereji wa miji miwili ya Ohio, na Januari 1926 ikasema haijaona sababu ya kutosha ya kupiga marufuku. Kwa haki yake, kamati ilitahadharisha kwamba muda ni mfupi na kwamba utafiti mrefu lazima uendelee magari yanavyoongezeka. Ila serikali haikuufanya. Uliendelea kwa hela za kampuni zenyewe, chini ya daktari mmoja wa Cincinnati, Robert Kehoe, na kwa miaka takriban 40 yeye ndiye aliyekuwa sauti kuu ya sayansi kuhusu risasi kwenye petroli.

Kehoe hakuwa tapeli wa kubuni takwimu. Alipima kwa bidii. Tatizo lilikuwa kwenye ulinganisho. Alipima risasi kwa wafanyakazi wa viwandani, kisha kwa watu wasiofanya kazi na risasi, na hata kwa wakulima wa kijiji cha mbali Mexico. Wote walikuwa nayo. Akahitimisha kwamba risasi mwilini ni jambo la asili, mwili umeizoea, na chini ya kiwango fulani haina neno. Kiwango chake kilikuwa mikrogramu 80 kwa desilita ya damu. Leo, mtoto mwenye 5 tu Shirika la Afya Duniani linataka chanzo chake kitafutwe na kiondolewe. Na wale wakulima wa Mexico walikuwa wanakula kwenye vyombo vya udongo vilivyong'arishwa kwa risasi.

Mtu aliyekuwa anatafuta umri wa Dunia

Aliyelifumua jambo hili hakuwa daktari, wala hakuwa na habari na petroli. Clair Patterson alikuwa mwanafunzi wa uzamili wa kemia, Chuo Kikuu cha Chicago, mwishoni mwa miaka ya 1940. (Kwa hiyo wenzangu wa uzamili, tujipe moyo.) Msimamizi wake alimpa kazi iliyoonekana rahisi: urani hugeuka kuwa risasi kwa mwendo unaojulikana, basi pima isotopu za risasi kwenye kimondo, piga hesabu, upate umri wa Dunia.

Namba zikagoma. Kila alipopima, risasi ilikuwa nyingi kuliko inavyowezekana, na kila mara kiasi tofauti.

Hali hiyo naijua kidogo. Mwaka wangu wa kwanza maabara nilipima maji ya kisima, na sampuli yangu tupu, yaani maji safi kabisa ambayo hayakutakiwa kuwa na kitu, ikatoa usomaji mkubwa kuliko kisima chenyewe. Nilifikiri mashine imeharibika. Kumbe ni vumbi la dirishani. Wiki nzima ya kazi ikaenda na maji. Mimi niliziba dirisha nikaendelea. Patterson alijiuliza swali ambalo mimi sikujiuliza: hilo vumbi limeipata wapi risasi?

Lakini kwanza alimaliza kazi yake. Alihamia California, kwenye taasisi ya Caltech, akajenga maabara safi kupita zote za wakati wake: vyombo vilivyooshwa kwa asidi, hewa iliyochujwa, watu waliovaa mavazi maalumu. Mwaka 1956 akachapisha jibu, miaka bilioni 4.55, na mpaka leo umri huo wa Dunia haujabadilika kwa maana yoyote kubwa. Wengi wangeishia hapo wakafurahia umaarufu.

Yeye akarudi kwenye lile vumbi. Alipima risasi baharini na kukuta maji ya juu yanayo nyingi zaidi kuliko ya kina kirefu. Maji ya bahari huchukua karne nyingi kuchanganyika juu hadi chini. Kama risasi ingekuwa inaingia baharini kwa kasi ileile siku zote, tofauti kubwa namna hiyo isingekuwepo. Maana yake risasi ya juu ilikuwa ngeni, ilikuwa imetoka angani karibuni.

Mwaka 1965 akaandika makala ambayo kiini chake kilikuwa kutenganisha maneno mawili ambayo Kehoe aliyachanganya: cha kawaida na cha asili. Kiasi cha risasi kwenye damu ya Mmarekani kilikuwa cha kawaida, kwa sababu kila mtu alikuwa nacho. Cha asili hakikuwa. Ukipima watu wote wakiwa ndani ya moshi uleule, utawaona wako sawa, na utadhani huo ndio uzima.

Waliokuwa wanamfadhili hawakupenda. Mkataba wake na taasisi ya makampuni ya mafuta haukuendelea, na hata wa idara ya afya ya umma ukakatika. Mwaka 1971, baraza la taifa la utafiti lilipounda jopo la kuchunguza risasi ya hewani, mtu aliyekuwa anaijua risasi ya hewani kuliko wote hakuitwa.

Barafu haisahau

Angahewa ina tabia moja unayopaswa kuijua ili uelewe alichofanya baadaye. Chembechembe zinazotoka kwenye bomba la gari ni ndogo mno. Zile kubwakubwa huanguka kando ya barabara, ila ndogo zaidi hupanda na upepo, husafiri siku kadhaa hadi wiki moja au mbili, kisha mvua au theluji huziteremsha. Sasa kule Greenland theluji haiyeyuki. Inaanguka juu ya ile ya mwaka jana, inagandamizwa, inakuwa barafu, tabaka juu ya tabaka. Ukichimba kwenda chini unarudi nyuma miaka.

Patterson na wenzake wakachimba. Matokeo waliyochapisha 1969 yalionyesha kwamba risasi kwenye theluji ya Greenland ilikuwa imeongezeka takriban mara 200 tangu mwaka 800 kabla ya Kristo, na kwamba mpando mkali kabisa ulikuja baada ya 1940. Greenland haina foleni za magari. Risasi ile ilikuwa imetoka kwenye miji ya mbali, imesafiri hewani.

Walichukua pia theluji ya Antaktika, na huko risasi ilikuwa kidogo sana ukilinganisha. Kwa nini? Hapa sisi wa ikweta tunaingia. Hewa ya kaskazini na ya kusini hukutana kwenye ule mkanda wa mawingu unaopanda na kushuka kila mwaka na kutuletea masika na vuli. Hewa huchukua kama mwaka mmoja kuvuka kutoka nusu moja ya dunia kwenda nyingine, na chembechembe hazina muda huo. Nyingi huoshwa na mvua njiani, na magari mengi ya wakati ule yalikuwa kaskazini.

Baadaye walipima mifupa ya watu wa Peru waliokufa miaka 1600 iliyopita. Risasi kwenye mifupa ya Wamarekani wa kisasa ilikuwa zaidi ya hiyo kwa mara mamia. Hapo ndipo ulinganisho wa Kehoe ulipopata jibu lake: mtu asiye na risasi ya viwandani alikuwa ameshazikwa muda mrefu.

Masega yalivyosaidia

Ungetegemea kwamba ubongo wa watoto ndio ulioiondoa risasi. Sehemu, ndiyo. Mwaka 1979 Herbert Needleman alichapisha utafiti uliotumia meno ya utotoni yaliyong'oka ya watoto wa karibu na Boston. Wenye risasi nyingi kwenye meno walifanya vibaya zaidi kwenye vipimo vya akili, na walimu wao waliwaona hawatulii darasani, ingawa hakuna aliyewahi kuwaita wagonjwa.

Lakini msukumo wa kwanza ulitoka kwingine. Sheria ya hewa safi ya Marekani ya 1970 iliwalazimisha watengenezaji wa magari kupunguza moshi, na kuanzia magari ya 1975 wakaweka kwenye bomba kile kifaa ambacho mafundi wetu hukiita masega. Risasi huyaua masega. Kwa hiyo ikabidi petroli isiyo na risasi iuzwe, kwa ajili ya kifaa. Basi damu ikafuata: kati ya 1976 na 1980, risasi kwenye damu ya Wamarekani ilishuka kwa zaidi ya theluthi, ikienda sambamba na petroli. Kehoe alikuwa ametabiri kwamba hewa haina mchango mkubwa. Mchoro mmoja ulitosha kumjibu.

Japani ilimaliza kabisa 1986, Marekani kwa magari ya barabarani 1996. Patterson alifariki Desemba 1995, wiki chache kabla. Midgley yeye aliondoka zamani, 1944, akiwa ameshaiachia dunia pia gesi za friji ambazo baadaye zilionekana kuitoboa tabaka ya ozoni. Habari hiyo inahitaji makala yake.

Na sisi? Mwaka 2001 karibu petroli yote ya Afrika kusini mwa Sahara bado ilikuwa na risasi. Juni mwaka huo wawakilishi wa nchi 25 walikutana Dakar wakakubaliana kuiondoa, na mwaka uliofuata, kwenye mkutano wa Johannesburg, ukaanzishwa ubia wa kimataifa ulioendeshwa kutoka Nairobi, makao makuu ya UNEP pale Gigiri. Hofu kubwa ya watu ilikuwa magari ya zamani. Peugeot 504 ya mzee itakufa, valvu zitaliwa! Hofu haikuwa ya bure kabisa, maana risasi ilikuwa inazilinda valvu za injini za kizamani, lakini kwa mwendo wa kawaida wa magari mengi haikutokea. Januari 2006 Afrika kusini mwa Sahara ikawa imeacha. Miaka mitano kutoka makubaliano hadi mwisho. Marekani, tangu amri za kwanza za kupunguza, ilichukua zaidi ya 20. Mafanikio haya huwa hatuyasimulii, sijui kwa nini.

Nchi chache ziliendelea, na biashara haikuondoka kwa hiari. Kampuni ya Innospec, mtengenezaji wa mwisho mkubwa wa tetraethili, ilikiri makosa mwaka 2010 mbele ya mahakama za Marekani na Uingereza kuhusu rushwa kwa maofisa wa Iraq na Indonesia ili waendelee kununua. Algeria ilikuwa ya mwisho, Julai 2021. Hesabu mwenyewe tangu Februari 1923. UNEP inakadiria kwamba kuiondoa kunazuia vifo vya mapema zaidi ya milioni 1.2 kila mwaka.

Risasi yenyewe haijaenda popote. Haiozi. Mwaka 2021 watafiti walitumia isotopu, mbinu ileile ya Patterson, kupima vumbi la hewani London, wakakuta sehemu ya risasi yake bado ni ya petroli iliyochomwa zamani, zaidi ya miaka 20 baada ya Uingereza kuipiga marufuku. Inatulia kwenye udongo, gari linapita, inapanda tena. Ndege ndogo za injini ya pistoni nazo bado zinatumia petroli yenye risasi. Marekani ilitangaza rasmi kwamba moshi wake ni hatari kwa afya Oktoba 2023.

Na lile swali la Washington la 1925 limeshafika Mombasa. Owino Uhuru ni mtaa wa watu wa kipato cha chini uliokaa ukuta kwa ukuta na kiwanda cha kuyeyusha betri za magari kupata risasi. Phyllis Omido alikuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho mwanawe mchanga alipougua, na vipimo vikaonyesha risasi kwenye damu ya mtoto. Ilibidi yeye na majirani zake ndio watafute hela za kupima watoto wengine, ndio wapeleke majibu ofisi hadi ofisi, ndio wathibitishe. Walishtaki. Mwaka 2020 mahakama ya Mombasa iliamua walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya, na kesi ikapanda ngazi za rufaa.